Kalenda ya Jaji

Februari 2023, mbunge wa Pune, Girish Bapat, aliletwa kwenye mkutano wa kampeni akiwa katika kiti cha magurudumu, mpira wa oksijeni umepita puani. Chama chake cha BJP kilikuwa na hofu ya kupoteza kiti cha Kasba Peth katika bunge la jimbo la Maharashtra, India. Kiti hicho Bapat mwenyewe alikuwa amekikalia tangu 1995 hadi alipohamia bunge la taifa mwaka 2019. Aliyempokea, Mukta Tilak, alifariki Desemba 2022, na Tume ya Uchaguzi ya India haikupoteza muda. Miezi miwili tu baada ya msiba, tarehe 26 Februari, wananchi wa Kasba Peth walikuwa vituoni wakipiga kura.

Matokeo yalitangazwa Machi 2. Ravindra Dhangekar wa chama cha Congress alimbwaga mgombea wa BJP kwa zaidi ya kura 10,000, katika mitaa ya mjini ambayo BJP ilizoea kuihesabu kuwa yake kabla hata masanduku hayajafunguliwa.

Bapat alifariki Machi 29, majuma manne baadaye. Sasa kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kikubwa zaidi: jimbo zima la Pune katika Lok Sabha, bunge la taifa. Kisheria hapakuwa na la kujadili. Kifungu cha 151A cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi, kilichoongezwa mwaka 1996, kinaitaka tume ijaze kiti ndani ya miezi sita. Kinaruhusu udhuru wa aina mbili tu: muhula uliobaki uwe chini ya mwaka mmoja, au tume, baada ya kushauriana na serikali kuu, ithibitishe kwamba ni vigumu kufanya uchaguzi katika muda huo. Muhula wa bunge hilo ulikuwa unaisha Juni 16, 2024. Bapat alipofariki ilikuwa imebaki zaidi ya miezi 14.

Aprili ikapita, Mei ikapita, na Pune ikakaa kimya. Wakati huohuo, Julai 18, aliyewahi kuwa waziri kiongozi wa Kerala, Oommen Chandy, alifariki, na kiti chake cha Puthuppally katika bunge la jimbo hilo kikapigiwa kura Septemba 5. Hazikutimia siku 50. Lakini Agosti, Pune ilipewa cheti badala ya tarehe. Tume iliandika kwamba uchaguzi mdogo hautafanyika kwa sababu mbili: maafisa wake wameshughulika na maandalizi ya uchaguzi mkuu wa 2024, na atakayeshinda atakaa bungeni miezi michache tu.

Sababu ya pili ina ujanja ambao mahakama nyingi duniani zimekutana nao. Anayechelewesha hujipatia hoja kutokana na kuchelewesha kwenyewe. Kila mwezi tume inaokaa kimya unapunguza muda wa mbunge ajaye, na muda huo ukishapungua unageuzwa kuwa sababu ya kuendelea kukaa kimya. Wapinzani walikuwa na maelezo mafupi zaidi: chama tawala cha BJP kiliona yaliyotokea Kasba Peth, hakikutaka yajirudie.

Mpiga kura mmoja wa Pune alikwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Desemba 13, 2023, majaji Gautam Patel na Kamal Khata waliamuru uchaguzi ufanyike mara moja. Hawakuuma maneno. Hoja ya tume kwamba ina shughuli nyingi waliiona kuwa kioja, kwa kuwa kuendesha chaguzi ndiyo kazi iliyoundiwa. Walikumbusha pia kwamba tume hiyohiyo ilikuwa imejaza viti vilivyobaki wazi baada ya cha Pune. Wananchi, walisema, wanatawaliwa kupitia sauti za waliowachagua. Sauti ikizimika, iwekwe nyingine, si kuwaacha bila mtu wa kuwasemea.

Hukumu nzuri. Ila ilikuwa Desemba, na tume ilikuwa na pa kukimbilia. Januari 8, 2024, Mahakama ya Juu ya India chini ya Jaji Mkuu D. Y. Chandrachud iliisimamisha amri hiyo. Majaji hawakuiachia tume bila kuihoji kuhusu uzembe wake wa muda mrefu, lakini walitazama kalenda wakaona uchaguzi mkuu umeshafika mlangoni. Pune ikasubiri zamu yake pamoja na taifa zima. Ilipiga kura Mei 13, 2024, ikiwa imekaa zaidi ya mwaka bila mbunge. Mgombea wa Congress alikuwa Dhangekar yuleyule wa Kasba Peth. Safari hii Murlidhar Mohol wa BJP alimshinda kwa zaidi ya kura 120,000. Kama kweli chama tawala kiliogopa uchaguzi mdogo, huenda kilikuwa na hofu ya bure.

Kabla vumbi la Pune halijatulia, kifungu hichohicho cha 151A kilirudi mahakamani kupitia mlango wa pili. Mbunge wa Akola Magharibi, pia Maharashtra, alikuwa amefariki Novemba 2023, na tume, ambayo Pune iliiona nzito, ghafla ikawa nyepesi: ikatangaza uchaguzi mdogo Aprili 26, 2024. Mlalamikaji akasema muhula uliobaki haufiki mwaka. Tarehe 26 Machi, majaji wa Mahakama Kuu ileile ya Bombay, tawi la Nagpur, walikubaliana naye na kuufuta uchaguzi, zikiwa zimebaki wiki nne. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliombwa ifute uchaguzi mdogo wa Karnal kwa hoja hiyohiyo. Ikakataa. Karnal ilikuwa na uzito wake: waziri kiongozi mpya wa Haryana, Nayab Singh Saini, hakuwa mjumbe wa bunge la jimbo, na Katiba ilimpa miezi sita awe amepata kiti. Kura zikapigwa Mei 25 na Saini akakipata. Kifungu kimoja cha sheria, majaji wa miji mitatu, na ndani ya miezi minne kikatoa amri ya kufanya uchaguzi, amri ya kutoufanya, na ruhusa ya kuendelea nao.

Wanaotaka kuona amri kama ya Desemba 2023 ikifua dafu inabidi warudi nyuma miaka mitano, hadi Wisconsin, kaskazini mwa Marekani.

Gavana wa Wisconsin wakati huo alikuwa Scott Walker wa chama cha Republican, mwanasiasa aliyezoea mapigano. Mwaka 2012 alinusurika kura ya kumwondoa madarakani kabla ya muhula wake kwisha. Desemba 29, 2017, wabunge wawili wa chama chake walijiuzulu ili kuchukua kazi katika serikali yake. Frank Lasee, seneta wa wilaya ya kwanza inayoanzia rasi ya Door katika Ziwa Michigan, alikwenda idara ya nguvukazi. Keith Ripp, mwakilishi wa wilaya ya 42 kaskazini mwa Madison, alikwenda idara ya kilimo. Gavana akasema hataitisha uchaguzi mdogo, viti vikae wazi hadi Novemba 2018. Kwa kuwa washindi wa Novemba wangeapishwa Januari 2019, wakazi wa maeneo hayo mawili wangekaa mwaka mzima bila mtu bungeni. Kufanya vinginevyo, kwa maelezo yake, ni kuchezea pesa za walipakodi.

Pesa hizohizo hazikumsumbua miezi miwili kabla, alipomteua seneta mwingine wa chama chake, Sheila Harsdorf, kuwa mkuu wa kilimo na kuitisha uchaguzi mdogo bila kusita. Uchaguzi huo ulifanyika Januari 16, 2018. Patty Schachtner wa chama cha Democratic alishinda katika wilaya ambayo Donald Trump aliizoa kwa tofauti ya pointi 17. Usiku uleule Walker aliandika mtandaoni kwamba matokeo hayo ni kengele ya kuwaamsha Warepublican. Alichofanya baada ya kuamka ni kuendelea kukataa kuitisha chaguzi mbili zilizobaki.

Sheria ya Wisconsin ilisema kiti kikibaki wazi kabla ya Jumanne ya pili ya Mei katika mwaka wa uchaguzi wa kawaida, kijazwe haraka iwezekanavyo. Mawakili wa gavana waliisoma kwa miwani ya aina yake: Lasee na Ripp walijiuzulu Desemba 2017, na 2017 si mwaka wa uchaguzi, basi sheria haiwagusi. Kwa usomaji huo, kiti kilichoachwa Desemba 29 kikae wazi mwaka mzima, na kilichoachwa siku tatu baadaye, Januari Mosi, kijazwe haraka. Ni hoja ambayo mwanasheria huitoa kwa sauti ya chini na kutumaini jaji hatamwomba airudie.

Wapiga kura wa wilaya hizo walikwenda mahakamani Februari, wakisaidiwa na taasisi inayohusishwa na Eric Holder, aliyekuwa mwanasheria mkuu katika serikali ya Barack Obama. Kesi ilimwangukia Jaji Josann Reynolds wa kaunti ya Dane, ambaye Walker mwenyewe ndiye aliyemteua mwaka 2014. Machi 22 aliamua kwamba usomaji wa gavana unaleta upuuzi: kama watu wana haki ya kumpigia kura mwakilishi, lazima kuwe na uchaguzi wa kupigia kura hiyo. Halafu akafanya jambo lililoitofautisha amri yake na ile ya Bombay. Aliweka tarehe na saa. Gavana atangaze uchaguzi kabla ya saa sita mchana, Alhamisi ya Machi 29.

Wiki moja. Viongozi wa Republican, Scott Fitzgerald wa Seneti na Spika Robin Vos, walitangaza kwamba wataibadilisha sheria yenyewe kabla saa hiyo haijafika, wakaanza kuwaita wabunge warudi Madison. Gavana akaomba nyongeza ya siku ili bunge limalize kazi hiyo. Jaji mwingine wa Dane, Richard Niess, akakataa. Gavana akakimbilia mahakama ya rufaa. Jumatano ya Machi 28, Jaji Paul Reilly alimjibu kwa maandishi mafupi makali, kwamba kuchagua wawakilishi si jambo la ziada wala si upotevu wa fedha za umma. Kesho yake Walker alitia saini amri ya uchaguzi, na muswada wa kubadilisha sheria ukaachwa njiani.

Kura zilipigwa Juni 12. Katika wilaya ya 42 Republican walibaki na kiti chao kupitia Jon Plumer. Katika rasi ya Door, Caleb Frostman wa Democratic alishinda kiti ambacho wapinzani wake walikuwa wamekishika kwa takriban miaka 40. Hakudumu: Novemba hiyohiyo, katika uchaguzi wa kawaida, Andre Jacque wa Republican alimwondoa. Mtu angeweza kusema Walker alikuwa sahihi, gharama yote hiyo kwa seneta wa miezi sita.

Ila Novemba hiyo Walker naye alishindwa, na Desemba, kabla gavana mpya Tony Evers hajaapishwa, bunge liliitishwa kwa haraka kupunguza mamlaka yake. Muswada mkuu ulipita Seneti kwa kura 17 dhidi ya 16. Frostman, seneta wa miezi sita, alikuwa mmoja wa wale 16. Walishindwa, lakini kila aliyefuatilia usiku ule aliona kiti kimoja kina maana gani. Na Evers alipoingia ofisini alimteua Frostman kuongoza idara ya nguvukazi, idara ileile ambayo Lasee aliikimbilia alipoacha kiti.

Marekani ina mazoea ya miaka mingi na kesi za aina hii. Katiba yake ya 1787 inawaamuru magavana kuitisha uchaguzi pindi kiti cha Baraza la Wawakilishi kinapobaki wazi, lakini haisemi lini. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Chicago iliamua kwamba hilo ni agizo, si ombi, baada ya gavana wa Illinois kuacha kiti cha mbunge aliyefariki Agosti 1969 bila uchaguzi. Kwa upande wa pili, Robert Kennedy alipouawa Juni 1968, mahakama ziliikubalia New York kungoja hadi Novemba 1970 ndipo wananchi wachague seneta mpya, mradi gavana Nelson Rockefeller ameshateua wa muda. Na Februari 2015, Jaji Jack Weinstein wa Brooklyn, mzee wa miaka 93, alimpa gavana Andrew Cuomo siku tatu atangaze tarehe ya uchaguzi wa Staten Island, ambako mbunge Michael Grimm alikuwa amejiuzulu baada ya kukiri kosa la kodi. Cuomo alitangaza. Majaji hawa wote walikuwa na neema moja: palikuwa na gavana, ana jina, ana kalamu, na anaweza kuamriwa aitumie.

Kenya, wiki ileile Bapat alipofariki, haikuwa na mtu wa namna hiyo.

Mwishoni mwa Machi 2023 mbunge wa Banissa katika kaunti ya Mandera, Kulow Maalim Hassan, alifariki baada ya ajali ya barabarani jijini Nairobi. Katiba ya Kenya ya 2010 ni kali kuliko sheria ya Wisconsin na fupi kuliko ya India. Ibara ya 101 inampa Spika siku 21 kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. Hakuna cha haraka iwezekanavyo, hakuna cheti cha udhuru. Tatizo ni kwamba tume yenyewe haikuwa na makamishna. Wafula Chebukati na wenzake wawili walimaliza muhula wao Januari. Kati ya wale wanne walioyakataa matokeo ya urais ya Agosti 2022, watatu walijiuzulu, na wa nne, Irene Masit, aliondolewa baada ya kuchunguzwa na jopo maalumu. Wafanyakazi walibaki kwenye ofisi zao za Anniversary Towers, lakini hapakuwa na kamishna hata mmoja wa kutangaza tarehe.

Katika hali hiyo jaji amwamuru nani? Agizo la kufanya uchaguzi lingetua juu ya meza isiyo na mtu. Kujaza tume kulihitaji jopo la uteuzi. Jopo likangoja mazungumzo ya maridhiano ya Bomas kati ya kambi ya Rais William Ruto na muungano wa upinzani wa Azimio. Mazungumzo yakazaa sheria mpya iliyotiwa saini Julai 2024. Na sheria ilipopatikana, vyama vikavutana hadi mahakamani kuhusu nani aingie kwenye jopo. Siku 90 za Banissa zilikwisha mara nyingi.

Orodha ikarefuka. Agosti 2024 Opiyo Wandayi aliacha kiti cha Ugunja kuwa waziri wa nishati, na Aprili 2025 Geoffrey Ruku akaacha Mbeere Kaskazini kuwa waziri wa utumishi wa umma. Katiba ya Kenya haimruhusu mtu kuwa mbunge na waziri kwa wakati mmoja, hivyo kila rais alipomega mbunge, alijua anaacha jimbo lisiloweza kupiga kura. Februari 2025 walifariki mbunge wa Malava, Malulu Injendi, na seneta wa Baringo, William Cheptumo. Aprili 30 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi jijini Nairobi. Ongeza wadi za kaunti, moja huku, moja kule.

Mahakama, ambayo wengi waliitazama kama mkombozi, ilipoingia iliongeza kwanza ngwe nyingine ya kusubiri. Mei 2025 rais alimpendekeza Erastus Ethekon kuwa mwenyekiti pamoja na makamishna sita. Walalamikaji wakaupinga mchakato, na Mahakama Kuu ikatoa zuio. Hata hivyo majina yalichapishwa katika gazeti rasmi la serikali Juni 10. Julai 10 jopo la majaji Roselyne Aburili, John Chigiti na Bahati Mwamuye lilitoa uamuzi wenye pande mbili: uteuzi ulifanywa sawasawa, lakini tangazo la Juni 10 ni batili kwa kuwa liliipuuza amri ya mahakama. Ruto akachapisha tangazo jipya siku hiyohiyo, na Julai 11 makamishna wakala kiapo. Ukilipima kwa siku, lile zuio liliichelewesha tume kwa majuma machache tu. Wanasiasa walikuwa wameshaichelewesha kwa zaidi ya miaka miwili.

Tume mpya ilipanga chaguzi zote kwa pamoja, Alhamisi ya Novemba 27, 2025. Banissa ilikuwa imekaa miezi 32 bila mbunge. La kushangaza ni lile la Baringo na Kasipul: huko watoto wa waliofariki, Kiprono Cheptumo na Boyd Were, walirithi viti vya baba zao. Mbeere Kaskazini ilikuwa vita ya serikali na upinzani wa Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais, na mgombea wa chama tawala cha UDA, Leo wa Muthende, aliponea kwa kura mia kadhaa.

Magarini, kaunti ya Kilifi, ilikuwa na kisa chake. Huko kiti hakikuachwa na kifo wala uwaziri. Mahakama ndiyo iliyokifuta. Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi wa Harrison Kombe wa ODM uliotangazwa Agosti 2022, na rufaa zikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyolimaliza shauri hilo Mei 2025. Wakati huo muhula ulikuwa umevuka nusu. Wapiga kura wa Magarini walirudi vituoni Novemba wakamchagua Kombe, akaapishwa upya kumalizia muhula unaokwisha Agosti 2027.